Dampa ya stelingi kwenye Land Cruiser: inahitajika kweli, au inaficha ugonjwa?

KaratuDizeli (Karatu)
Wakuu salaam. Nina mkonga, pikapu ya Land Cruiser 79. Niliinunua ikiwa imeshanyanyuliwa springi kama sentimita 5 na kuvalishwa tairi pana za 285. Nabeba vifaa vya kambi kwenda Ndutu. Nikishaingia geti la Loduare la Ngorongoro na lami kuisha, kwenye ile rafu rodi ya mawimbi ya kuelekea Olduvai, nikigusa kilomita 50 kwa saa usukani unaanza kupiga mikononi kushoto kulia mpaka nipunguze mwendo. Kwenye lami hutokea mara chache, nikikanyaga shimo nikiwa kwenye 80.

Fundi mmoja kaniambia dampa, yaani ile shokapu ya ulalo iliyofungwa kwenye rodi ya stelingi, imekufa, nifunge nyingine. Wa pili anataka nifunge mbili. Wa tatu anasema niitoe kabisa, magari mengi yanatembea bila hiyo kitu. Kwa hiyo nina njia nne mezani: kuitoa, kurudishia ya kampuni, kufunga ile nene ya Old Man Emu kutoka Australia, au kufunga mbili. Aliyewahi kulinganisha anisaidie.

FundiMbauda (Arusha)
Mkuu, kabla hujachagua dampa, jua kwanza inafanya kazi gani. Gari yako ina ekseli nzima mbele, sawa na Land Cruiser 80, Patrol Y61 na Defender ya zamani. Tairi mbili zimeunganishwa na tairodi moja, hivyo moja ikipigwa, pigo linahamia kwa mwenzake. Kama kila kiungo kimekaza, mtikisiko unakufa wenyewe. Kukiwa na plei (kiungo kulegea) mahali, pigo la pili linakuta la kwanza halijaisha, la tatu linakuta la pili, na hapo ndipo usukani unakutoka mikononi. Dampa inameza mapigo, haikazi kilicholegea.

Fanya hivi. Gari iwe chini kwenye tairi zake, injini inawaka, hendibreki juu na vigingi kwenye tairi. Mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo kushoto kulia. Wewe lala chini uweke kiganja juu ya kila tairodi endi, kimoja baada ya kingine. Iliyokufa utaisikia inagonga mkononi kabla hujaiona. Kisha angalia panadi rodi, ile bomba inayotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli. Bushi yake ikiwa imekwisha utaona ekseli inasogea pembeni kabla tairi hazijakata. Angalia na tundu la bolti yake: likiwa limekuwa yai, na kuna unga mwekundu wa kutu pembeni, hata bushi mpya haitasaidia mpaka tundu lichomelewe na kutobolewa upya.

Baada ya hapo nyanyua kwa jeki, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie msaidizi akanyage breki halafu utikise tena. Kucheza kukiisha, ni beringi ya wili. Kukibaki, ni beringi za nako, ile sehemu ya mwisho wa ekseli inayogeuka tairi zikikata. Hizi za nako watu wengi hawazigusi mpaka sili ivuje na grisi ichanganyike na mafuta ya difu. Na kabla ya yote hayo, fanya balansi ya tairi, maana 285 iliyokaukiwa tope ndani ya rimu inatosha kabisa kuleta unachokisema.

DerevaNaabi (Mto wa Mbu)
Fundi nakuheshimu, lakini wanaosema "itoe" hawaendeshi Serengeti na wageni sita nyuma. Toyota yenyewe imeifunga dampa kutoka kiwandani kwenye hizi gari, na sababu ipo. Njia ya kwenda Naabi, geti la Serengeti, inakula mikono siku nzima. Tairi ya mbele ikipasuka ghafla, dampa nzima inapunguza ule mshtuko wa kwanza unaonyang'anya usukani. Mimi gari isiyo na dampa siipokei kwa safari, hata kama viungo vyote ni vipya. Tukishakubaliana hapo ndipo tuongelee ipi.

FundiMbauda
Hapo hatupingani, kaka. Sijasema aitoe moja kwa moja. Nasema aitoe kwa ajili ya kupima, kwenye njia tupu, mwendo wa pole. Gari yenye ekseli nzima iliyo salama inatakiwa kutembea bila dampa na isipige, ila mikono itachoka. Ikipiga, kuna ugonjwa. Ukifunga dampa nene juu ya tairodi iliyokufa, dereva hapati tena dalili, na kiungo kinaendelea kulika mpaka kikatike. Hiyo ndiyo inaniuma, kwa sababu gari inaletwa gereji ikiwa imeshachelewa.

BaragoiExpress (Nakuru)
Niongeze upande wa kulinganisha, maana nimetumia aina kadhaa kati ya Maralal na Baragoi, na ile barabara hairembi.

Ya kampuni: laini, stelingi inarudi vizuri baada ya kona. Kwa tairi za kawaida za 7.50R16 sioni sababu ya kutafuta nyingine. Bei yake haifiki bei ya tairi moja.

Ile nene ya mafuta: kwa tairi pana kama zako, kwenye mawimbi utaona tofauti. Mkono unapumzika. Ubaya ni kwamba mjini usukani unakuwa mvivu kurudi.

Ya gesi: kuwa makini. Gesi inasukuma rodi itoke nje muda wote, hivyo gari inaweza kuvuta upande mmoja kidogo. Utahangaika na alaimenti bure.

Mbili kwa pamoja: kwa gari ya mizigo ya kawaida, hapana. Usukani mzito, na mabano yanapokea nguvu ambayo hayakutengenezewa. Zile zenye springi ya kurudisha katikati pia sizipendi, zinaficha gari inayovuta.

Kabla ya kununua, fungua upande mmoja wa ile ya zamani, uisukume na kuivuta kwa mkono. Iwe nzito sawasawa mwanzo hadi mwisho. Nyingi hufa katikati tu, kwa sababu ndipo zinapofanya kazi siku zote.

ViguVumbi (Dodoma)
Mimi nina Hilux Vigo. Nimeshawishiwa nifunge. Vipi?

BaragoiExpress
Vigo mbele ina sasipenshani huru na stelingi ya raki. Haina ekseli nzima ya kupokezana mapigo, na kiwandani haikuwekewa dampa. Ikitetemeka angalia balansi, bolijointi na bushi za kontrolo amu. Weka pesa yako huko.

MswahiliOhio (Columbus, Marekani)
Huku kuna mfano mzuri. Jeep Wrangler ya kuanzia 2018 nayo ina ekseli nzima mbele, na wenye nazo walilalamikia mtikisiko huu huu. Mwaka 2019 FCA, waliokuwa wenye Jeep wakati huo, waliamua kuwabadilishia wateja dampa. Walieleza kwamba baridi ikizidi, hewa ilikuwa ikichanganyika na mafuta ndani ya dampa na kuipunguzia nguvu. Kwa hiyo kuna wakati dampa yenyewe ndiyo tatizo, tusiwabeze wanaoanza nayo.

FundiMbauda
Ni kweli, na wale walikuwa na gari mpya zenye viungo vipya. Mkonga uliokwishakula rafu miaka mingi ni habari nyingine.

KaratuDizeli
Wakuu, mrejesho. Nimepima kama alivyoelekeza fundi. Bushi ya panadi rodi upande wa chasisi ilikuwa imekwisha, na tairodi endi ya kushoto inagonga kabisa kiganjani. Balansi nayo ilikuwa mbali. Nimebadilisha na kufunga dampa ya kampuni. Lami sasa imetulia, hata nikikanyaga shimo. Kwenye rafu imepungua sana, ila usukani unatangatanga na haurudi vizuri baada ya kona. Nipande kwenye ile nene?

FundiMbauda
Usipande. Hiyo ni kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao tairi huzungukia zikikata; ndio unaorudisha usukani katikati. Springi ziliponyanyuliwa sentimita 5, ekseli ilizunguka kwenda mbele na ukapoteza kasta kama nyuzi 2. Dampa nene itaufanya usukani urudi taratibu zaidi. Peleka kwenye mashine ya alaimenti wakupe namba za kasta za pande zote mbili, usiridhike na tou (tairi za mbele kuelekea ndani au nje) peke yake. Kisha tafuta bushi za kurekebisha kasta za zile amu za mbele, zinasukumwa kwa presi. Angalia mshale uelekee upande sahihi, maana zikigeuzwa zinaondoa hata ile kasta iliyobaki.

DerevaNaabi
Na usukani ukianza kupiga kabla hujafunga hizo bushi, usikanyage breki ghafla. Achia mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, mwendo ushuke wenyewe.