Waliowahi kununua santuri za dansi za mtumba, tupeane uzoefu

Wadau, jana fundi redio hapa Majengo kapiga Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka Mwinshehe, ile santuri ndogo ya kampuni ya Polydor, nikakumbuka nilivyopigwa Kariakoo. Kava dansi tupu, kufika Dom natoa, ndani kwaya. Kwaya jamani! Leteni zenu.

tundu_kubwa: Pole mkuu. Si unaitoa unaiinamisha kwenye mwanga kabla ya kulipa?

mama_K: Mi niliweka saba dirishani kwenye basi, jua toka Gairo hadi stendi. Zimepinda kama ungo, sindano inapanda inashuka.

kizota1: Bania katikati ya vioo viwili uanike, zinanyooka.

tundu_kubwa: Usimsikilize huyo, mi nilianika nikapata bakuli la ubuyu.

Babu Nkuhungu: Nyie subirini. 2016 niko Dar nikaingia kiduka cha vitu vya kale, boksi la kwanza hamna kitu, la pili taarabu, la tatu nakuta NUTA Jazz, nageuza upande wa pili naona kwenye lebo kalamu ya bluu, mwandiko umelalia kushoto, jina la mzee wangu na "Mpwapwa 1974". Mzee kafariki 2003 na santuri zake tuliambiwa zimeliwa na mchwa. Miguu ikaisha nguvu. Namwambia muuzaji hii ya baba yangu, akasema elfu sitini. Namwonyesha jina, akasema basi sabini. Nikalipa. Nyumbani nikaiweka mezani mbele ya ba'mdogo, sikusema neno. Ugali hakumaliza, akaaga.

mama_K: Ba'mdogo ndo mchwa 😂😂

kizota1: Sabini?? Hiyo mbuzi mzima mnadani Msalato

tundu_kubwa: Mbuzi gani wa sabini wewe, wa kuchora?

kizota1: Kasema 2016, soma kwanza ndo ubishe

dada_wa_Makole: Acheni mbuzi. Zile santuri nzito za zamani za 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, msipanguse na spiriti, zinayeyuka kabisa. Maji na sabuni ya maji kidogo, lebo isilowe.

mama_K: Mume wangu anapangusia gongo

dada_wa_Makole: Anapangusa au anakunywa? Babu, hiyo ya mzee inapiga lakini?

Babu Nkuhungu: Inapiga. Inaruka ubeti wa pili, palepale ilipokuwa inaruka nikiwa mtoto, mzee anainuka kitini anaisukuma kwa kidole.

mama_K: Dah.

Sasa jamani, hii kwaya yangu hakuna anayeitaka? Elfu tano tu, kava bure.