Kupima muda wa safari za daladala kwa GPS: nukta zinaruka Kariakoo

Mpima_Ruti
Wakuu, habari za kazi. Tunapima muda wa safari Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo. Simu ya Android anakaa nayo konda, inarekodi kila sekunde 30. Barabara ya Kilwa mstari umetulia, ukifika Kariakoo unapita juu ya maghorofa. Vituo vingine havionekani kabisa, na saa za dodoso tunalowauliza abiria hazilingani na za faili. Tunakosea wapi?

Nukta_Saba
Anza na hizo sekunde 30, mkuu. Gari la kilomita 36 kwa saa linakwenda mita 10 kila sekunde, kwa hiyo kati ya nukta na nukta kuna mita 300 usizoziona. Daladala inashusha wawili, konda anagonga bodi, imeondoka. Kituo hicho hakiachi alama. Weka sekunde 5. Kwa saa 14 za kazi ni nukta 10,080, faili dogo tu.

Kariakoo wimbi la setilaiti linagonga ukuta wa ghorofa kabla ya kufika kwenye simu. Njia inarefuka, nukta inahamia mtaa wa pili. Itoe simu mfukoni kwa konda, ifunge juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, maana bati la paa linaziba anga. Rekodi safu ya usahihi (mita ambazo simu inakadiria nukta imekosea), kisha ondoa nukta ambazo kosa lake linazidi mita 20. Pia izuie simu isiizime programu kwa kisingizio cha kuokoa betri. Ukiona pengo la dakika 10 katikati ya faili, anza kushuku hapo.

Karani_wa_Data
Kuhusu saa: faili la GPX (linalohifadhi nukta za GPS) linaandika UTC, yaani saa ya kimataifa, Dar iko mbele kwa saa 3. Abiria akisema "nimepanda saa moja kasoro robo asubuhi", hiyo ni 06:45, na faili linasema 03:45. Ukirekebisha faili ukaacha dodoso lilivyo, unabaki na tofauti ya saa 6. Karani aandike alivyosikia, aongeze asubuhi au jioni. Kugeuza kufanyike ofisini, si kituoni kwenye kelele za wapiga debe.

Kabla ya kupima umbali kwenye QGIS (programu ya ramani), geuza data iwe UTM 37 Kusini (mfumo wa ramani unaopima kwa mita, namba yake EPSG:32737), la sivyo majibu yatakuja kwa nyuzi badala ya mita.

Mpima_Ruti
Shukrani. Na safari zilizokatishwa njiani, tuzifute?

Nukta_Saba
Hapana! Gari likikatisha ruti, abiria ameteremka na anasubiri jingine. GPS imelifuata gari, yeye imemwacha barabarani. Zipe alama yake. Vilevile muda wa kusubiri gari lijae Rangi Tatu uhesabu, abiria ameshakaa kwenye siti.

Kutambua kusimama, tafuta nukta zilizobaki ndani ya mita 25 kwa sekunde 15 au zaidi. Hapo utapata kituo, taa na trafiki kwa pamoja, hivyo siku za mwanzo mtu apande na karatasi aandike sababu.

Karani_wa_Data
Mkija kuwapa abiria wenyewe simu, kateni mita 200 za mwanzo na za mwisho kabla ya kumgawia mtu yeyote data. Nukta ya kwanza ya alfajiri ni mlango wa nyumba ya mtu.