Mimba tatu zimeharibika: tuanze na vipimo gani kabla ya kujaribu tena?

Mleta mada (Moshi)

Wakubwa shikamooni, na wengine wote salaam. Nina umri wa miaka 32, ninaishi Moshi na mume wangu, na katika miaka minne ya ndoa nimeshika mimba mara tatu bila kumpakata mtoto hata mmoja. Ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki 8, ya pili wiki 9. Ya tatu ilifika wiki 18, nimeshaanza kumsikia mtoto akicheza, ikatoka mwezi Januari, siku chache baada ya ndugu waliokuja kula Krismasi kijijini kurudi Dar es Salaam. Wengi wao hadi leo wananitumia ujumbe wa kuuliza tumbo limefika wapi.

Hospitali niliyotibiwa walinisafisha vizuri, lakini siku ya kutoka niliambiwa tu kwamba mimi bado kijana, nipumzike miezi mitatu kisha tujaribu tena. Sikuandikiwa kipimo chochote. Mama mkwe, ambaye ananipenda na wala simlaumu, ameniletea chupa ya dawa ya mizizi ya kusafisha kizazi. Iko juu ya kabati la jikoni na sijaifungua. Mume wangu anasema tumwachie Mungu. Nami namwamini Mungu, lakini nikishika mimba ya nne bila kujua kilichoziondoa hizi tatu, sioni nitakavyolala usiku.

Tuna laki sita tulizokuwa tumetenga kwa ajili ya vitu vya mtoto. Naomba mnielekeze tuanze na kipimo kipi, na kama mume wangu naye anahusika.

Mkunga Mstaafu (Usa River)

Pole sana, mwanangu. Nimezalisha kwa zaidi ya miaka 30, na kilichonishtua katika maelezo yako ni kwamba umezihesabu mimba zote tatu kama tukio moja lililojirudia, na pengine aliyekutibu naye alizihesabu hivyo hivyo. Mimba inayoharibika katika wiki 8 au 9, mara nyingi chanzo chake ni hitilafu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) za kijusi chenyewe, jambo ambalo mama hakulisababisha wala asingeweza kulizuia kwa kupumzika au kuacha kubeba ndoo. Mimba ya wiki 18 ina maswali yake. Naomba ukumbuke vizuri: siku ile ulianza kwa uchungu, kwa damu, au kwa maji?

Mleta mada

Nimekwenda kuangalia daftari langu la kliniki, maana nilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu nyuma yake. Nimeandika hivi: “Saa kumi alfajiri, maji, shuka limelowa, sisikii maumivu.” Uchungu ulianza baadaye, tukiwa tayari njiani. Sikuwahi kulisema hili kwa daktari, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mkunga Mstaafu (Usa River)

Basi daftari hilo uende nalo, ufungue ukurasa huo mbele ya daktari. Maji yakitangulia bila maumivu katika umri huo wa mimba, tunawaza shingo ya kizazi iliyolegea, na pia tunawaza maambukizi, kwa hiyo sikupi jibu la mkato. Ukiwa hujashika mimba, daktari bingwa wa wanawake ataanza na altrasaundi kuangalia umbo la kizazi, kama kuna ukuta katikati au uvimbe unaobana nafasi ya mtoto. Ukishika mimba, shingo ya kizazi hupimwa urefu kwa altrasaundi ya njia ya uke, kwa kurudia, kuanzia wiki ya 14 au 16 hivi hadi ya 24. Ikifupika chini ya milimita 25, kwa mama mwenye historia kama yako huzungumzwa habari ya kushonwa mshono, ambao hutolewa mimba ikifika wiki 36 au 37. Mtu akikuambia kila mimba iliyotoka inahitaji mshono, usikubali haraka.

Na dawa ile ya chupa, mwanangu, iache pale pale juu ya kabati. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa kwa mizizi, na nimewapokea akina mama waliokuja wakivuja damu baada ya dawa za namna hiyo.

Dada wa Njiro (Arusha)

Mimi nilipoteza nne. Kilichogundulika ni kwamba damu yangu hutengeneza kingamwili zinazosababisha kuganda, na kondo la nyuma linakosa kupitisha damu inavyotakiwa. Kwa kuwa ile yako ya tatu ilipita wiki 10, daktari ana sababu ya kutosha ya kukuandikia vipimo vya kingamwili hizo hata kabla hajafikiria vingine. Jambo ambalo mimi sikuambiwa mapema ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi: kikionyesha tatizo hurudiwa baada ya wiki 12, kwa sababu kingamwili hizo zinaweza kupanda kwa muda kutokana na homa au ugonjwa mwingine kisha zikatoweka. Nilizilia wiki zile 12, nikiona ni muda wa bure, lakini ndizo zilizofanya nitibiwe kwa uhakika.

Tiba yangu ilikuwa aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano ya heparini ya kuzuia damu isigande, ambayo nilijichoma mwenyewe tumboni kila jioni baada ya chakula, hadi ngozi ikawa na madoa ya bluu kama ramani. Usianze aspirini wala heparini kwa kusikia kwangu. Subiri majibu yako. Binti yangu sasa anasoma chekechea.

Vipimo vya sukari na tezi ya thairoidi ni vya bei nafuu ukilinganisha na hivyo vingine, kwa hiyo anza navyo siku hiyo hiyo.

Mfamasia (Arusha)

Nazungumzia projesteroni tu, ile homoni inayosaidia kutunza mimba, kwa sababu naona wengi wanainunua dukani bila cheti. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba haikuwasaidia sana wanawake wote waliotokwa na damu mwanzoni mwa mimba, lakini miongoni mwa waliokwishapoteza mimba tatu au zaidi, waliojifungua mtoto hai walikuwa 72 katika kila 100 waliopewa dawa, na 57 kwa wasiopewa. Maana yake, mimba ijayo ukiona hata tone la damu, wahi kwa daktari siku hiyo na umtajie historia yako yote.

Baba Wawili (Majengo, Moshi)

Naomba niseme na mume, kama atasoma. Ndugu yangu, mimi nami nilisema tumwachie Mungu, na nikitazama nyuma naona nilikuwa naogopa kwamba kipimo kitanigusa mimi. Mke wangu alikwenda peke yake mara mbili, akikaa kwenye benchi katikati ya wanawake wenye matumbo makubwa, na jambo hilo hadi leo linaniuma kuliko gharama zote. Kuna hali ambapo mmoja wa wazazi hubeba mpangilio wa kromosomu usiomdhuru yeye ila huathiri mimba, na damu ya wote wawili ndiyo huangaliwa. Kipimo hicho ni ghali na si lazima kiwe cha kwanza, lakini nenda. Na mama yako mweleze wewe mwenyewe kuhusu ile chupa. Mkeo asibebeshwe mzigo huo.

Mfugaji (Monduli)

Dada, pole. Ninaongeza jambo moja tu, kwa sababu huku kwetu lipo: kama mnakunywa maziwa mabichi au mnashika ng'ombe na mbuzi wanaotupa mimba, mwambie daktari aangalie na brusela, ugonjwa ambao watu huupata kutoka kwa mifugo. Maziwa yachemsheni.

Mleta mada

Nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Jana usiku nilimpa mume wangu simu asome mwenyewe. Alipofika kwa Baba Wawili alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza daftari liko wapi. Tumekubaliana hatutajaribu mpaka majibu yatoke, na kama kuna cha kurudia tutasubiri hizo wiki 12. Tumepata barua ya rufaa ya kwenda KCMC, kliniki ni Jumanne, naye ameshaomba ruhusa kazini. Jumapili baada ya ibada atakwenda Rombo kuzungumza na mama.

Mkunga, naomba jambo moja la mwisho: siku ya Jumanne niende na kadi zote tatu za kliniki, au ya mwisho peke yake inatosha?

Mkunga Mstaafu (Usa River)

Zote tatu, mwanangu, pamoja na karatasi za altrasaundi na cheti cha siku uliyosafishwa. Andika na tarehe ya hedhi yako ya mwisho.