Mbwa mkubwa anagoma njiani tukikimbia kwenye mawe ya Luchelele

Mlinzi_Nyegezi
Wakuu, salaam. Nina mbwa dume, chotara wa German Shepherd, jina lake Jabali, miezi 11, kilo 36. Jumamosi nikitoka lindo nalala kidogo, saa tatu tunaondoka Nyegezi, hapa Mwanza, kuelekea Luchelele kwa njia za miguu, kilomita 9 kwenda na kurudi. Zamani yeye ndiye alikuwa ananivuta. Wiki mbili sasa, tukifika mwamba mkubwa unaotazama ziwa, analala chali kivulini, anahema ulimi wote nje, nikimwita hageuki. Juzi nilimshika mguu nikakuta unyayo umechubuka, damu imeganda kwenye kucha. Nilimbeba mpaka barabarani. Moyo uliniuma sana. Ni njaa, au mimi ndiye namuumiza?

Mama_Mifugo
Pole mdogo wangu. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na mawe yetu saa nne yameshashika moto. Weka mgongo wa kiganja juu ya mwamba uhesabu mpaka saba. Ukishindwa wewe, na yeye hawezi. Halafu huyo bado mtoto! Mbwa wa umbo hilo mifupa hukomaa kwenye mwaka na nusu hivi. Mpeleke kilomita 2 tu, kwenye udongo, alfajiri au jioni. Na asishibe kabla ya kukimbia: tumbo la mbwa mkubwa huweza kujaa gesi likajipinda, hilo linaua kwa saa chache.

Wa_Luchelele
Kaka, naomba umfunge kamba. Mwezi jana mbwa mkubwa alikimbiza pimbi kwenye mawe, mwanangu akaanguka na ndoo ya maji kwa hofu. Chanjo ya kichaa amepata?

Mlinzi_Nyegezi
Pole sana kwa mtoto. Amechanjwa Machi, na kamba nimenunua leo. Mama, nimepima mwamba, nimeishia nne. Jana jioni tulitembea tu, akalala tena, na hapakuwa na jua. Nimemtoa kupe watano nyuma ya masikio. Fizi naziona nyeupe, na mkojo wa leo una rangi ya chai.

Mama_Mifugo
Basi acha habari ya mawe. Hiyo inafanana na homa ya kupe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, mwambie apime damu, na usimtembeze, mpakie bajaji. Umwambie na rangi ya mkojo.

Mlinzi_Nyegezi
Tuko njiani.