Wamwaga unga wa klabu za Jumamosi, hivi huwa mnapiga hodi kwa watu kweli?

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, msiopenda maelezo piteni tu.

Jina la klabu sitaji, wahusika watajijua. Ni hizi klabu za "hash", za kukimbia na kutembea wikiendi hapa Dar: mnakutana mahali mchana, mnajazana kwenye magari, mnakwenda kufuata madoa ya unga porini, mkirudi ni bia, nyama choma na nyimbo za kihuni. Mimi ni wa kundi la kutembea na mchezo huu naupenda. Ningekuwa siupendi ningejitoa kwenye grupu kimyakimya nikaendelea na maisha yangu.

Jumamosi tulikuwa vilima vya Kisarawe, kule nyuma ya Pugu, kwenye mikorosho na mihogo. Kwa wasioujua mchezo, kuna mtu anatangulia kuweka njia, sisi tunamwita sungura. Anamwaga unga kidogo kila baada ya hatua kadhaa. Akifika panapo njia nyingi anachora duara, maana yake alama zimekatika hapo, kila mtu akatafute upande wake. Atakayeziona tena anapiga kelele "On On!" na wengine wanamfuata. Kuna na njia za uongo: unafuata madoa matatu manne, unakutana na alama ya kukurudisha ulikotoka. Yote hayo yana kazi. Duara ni la kuwasimamisha wenye mbio wahangaike kidogo ili sisi wa nyuma tuwafikie. Sungura anayejua kazi yake anaweka maduara mapema, kundi lote linakwenda pamoja, mzee wa miaka sabini na kijana wa miaka ishirini wanafika kwa kupishana dakika chache.

Huyu wetu mwanzoni hakuweka duara hata moja. Wakimbiaji wakayeyuka. Maduara yote kayalundika mwishoni, kwenye vichaka vya wachoma mkaa ambako kila mchoma mkaa ana kijinjia chake, saa kumi na mbili jioni. Huku kwetu jua likishazama hakuna kusubiriana, nusu saa haiishi ni giza. Nyuma tulikuwa na mzee mstaafu, dada mmoja aliyekuja kwa mara ya kwanza, na mimi. Wa kufunga msafara hakuwepo. Nilipouliza baadaye nikaambiwa "alikuwepo ila alichoka, akakata njia kurudi kwenye magari". Mfunga msafara amechoka! Sasa huyo alikuwa anafunga nini?

Tukaja kuambiwa kwamba njia iliwekwa Ijumaa. Ijumaa, wakuu. Usiku mvua ikanyesha. Hata isingenyesha, unga ukilala porini kuna siafu, kuna kuku, kuna mbuzi. Njia inawekwa asubuhi ya siku yenyewe, na kama umeweka mapema unarudi kuipitia kabla watu hawajafika. Jamaa hakuirudia. Alichofanya, akakumbuka ana mfuko wa chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja wa mpira, akamwaga hiyo pale alipoona unga umefutika karibu na barabara. Chokaa! Mwenzetu mmoja aliinama kuigusa aone ni alama yetu au ni mabaki ya ujenzi, akajifuta jasho usoni, jicho likavimba likawa jekundu, tukamwosha kwa maji yetu ya kunywa. Na ile njia wanapita watoto peku kwenda kuchota maji. Unga ukimwingia mtu jichoni anapikicha yanaisha. Chokaa inaunguza. Hili nalo linahitaji semina?

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni kingine.

Kuna mahali njia ilipita katikati ya kitongoji, nyumba nne tano, na njia panda mbele ya uwanja wa mama mmoja. Alama zikaishia pale. Tukazunguka, tukarudi, tukazunguka tena, hakuna kitu. Yule mama alikuwa amekaa kizingitini anatutazama tu, hajibu hata salamu vizuri. Mwishowe mzee wetu akaenda kumwamkia na kukaa naye, ndipo akasema. Aliamka alfajiri akakuta duara jeupe la unga njia panda, mbele ya mlango wake, na mistari mitatu pembeni. Akaita majirani. Wakalimwagia maji, wakalifagia, na madoa yote yaliyokuwa yanaelekea kwake wakayafagia pia mpaka kwenye mkorosho wa jirani.

Nani asingefagia? Wewe mwenyewe uliyelala Mbezi kwenye geti na mlinzi, ukiamka ukute duara la unga njia panda mbele ya mlango wako utasema nini, kwamba ni mazoezi? Pwani nzima hii inajulikana vitu vinavyoachwa njia panda usiku vina maana gani. Huna haja ya kuamini, inatosha kujua kwamba wenzako wanaamini. Yule mama ana mgonjwa ndani. Majirani walikuwa wameshaanza kuulizana nani ana ugomvi naye. Kuna jina la mtu lilikuwa limeshatajwa, bibi mmoja anakaa peke yake kule mwisho. Wakuu, mnajua katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno ya namna hiyo, tena si mmoja wala wawili. Kwa ajili ya mchezo wetu wa Jumamosi!

Na yote haya yangeisha kwa dakika kumi. Unafika, unamtafuta mwenyekiti wa kitongoji, unajieleza: mama, baba, sisi ni watu wa mazoezi, kesho watapita watu kama arobaini hapa, tutaacha alama za unga, hazina neno, wakimaliza kupita tutazifuta. Unaomba kupita shambani kwa mtu badala ya kukanyaga matuta yake ya mihogo. Kwenye uwanja wa mtu huweki alama kabisa, unaweka kwenye mti ng'ambo ya nyumba, au unachora mshale wa chaki kwenye jiwe. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi tumekuja, mwenyeji kashika ufagio.

Halafu mama akauliza, kwa upole kabisa: "Na huo unga wote ni wa kumwaga tu?" Sikuwa na jibu la maana. Mbele ya watu wanaonunua sembe kwa robo kilo, sisi tunapita tunatifua ngano kwa viatu vya laki tatu.

Najua watakaokuja kusema nakuza mambo, unga ni unga. Mwaka 2007 huko New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani, watu wawili wa mchezo huuhuu walikamatwa baada ya kumwaga unga kwenye maegesho ya duka kubwa la samani. Watu wakatolewa dukani, wataalamu wa sumu wakaitwa. Kule waliogopa sumu, huku wanaogopa uchawi, na chanzo ni kilekile: mtu kamwaga kitu cheupe kwa watu bila kumwambia mwenye mahali.

Na wale wa "mchezo ni mchezo tu, msituletee sheria": klabu ya kwanza kabisa ya mchezo huu ilianza Kuala Lumpur, Malaysia ya leo, mwaka 1938, na ilipokuja kusajiliwa mwaka 1950 iliandika malengo yake. Ndiyo, bia imo. Lakini limo pia la kuwafanya wanachama wenye umri waone kwamba hawajazeeka kama wanavyojihisi. Mzee wetu alitoka porini saa mbili kasoro usiku kwa tochi ya simu yangu, akakuta watu wako raundi ya tatu wanaimba. Sijui alijihisi wa miaka mingapi.

Mtaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nilisema. Nikaitwa katikati ya duara la watu, nikapewa kikombe cha bia, nikaambiwa kwa mila ya klabu mlalamikaji anakunywa kwa mkupuo. Watu wakacheka. Sungura naye akapewa chake, akapigiwa makofi kwa "njia yenye changamoto". Ikaisha hivyo.

NAONGEZA: Mjumbe mmoja wa kamati kaniandikia pembeni kwamba nimeichafua klabu na nifute uzi. Klabu sijaitaja mkuu, umejitambulisha mwenyewe. Anasema pia kwamba sungura wetu alikuwa mgeni, katoka klabu nyingine yenye alama tofauti. Hilo ni kweli, kila klabu ina alama zake, kuna ambako msalaba una maana ya duara letu na kuna ambako maana yake ni kurudi. Ndiyo maana kabla ya kuanza mtu anachora alama zote chini na kuzieleza. Nani alimwachia mgeni kazi nzima bila mwenyeji wa kwenda naye?

Alhamisi jioni nakwenda Kisarawe kumwona mwenyekiti wa kitongoji na yule mama, na nataka kwenda na kwa yule bibi, kusema mbele ya majirani kwamba duara lile lilikuwa letu. Nitakwenda hata peke yangu, ila maneno haya yakitoka kwa mtu wa kamati yatakuwa na uzito. Gari ninayo, nafasi zipo tatu. Anayekuja aniandikie kabla ya Jumatano, na sungura mwenyewe akipenda nampitia nyumbani kwake.