DVD ya picha pana au ya kujaza skrini?

Swali: Ndugu zangu, nimekuta filamu ileile katika DVD mbili, moja ya picha pana na nyingine ya kujaza skrini. Televisheni yangu ni ya zamani, ya uwiano wa 4:3 (upana kwa kimo), na michirizi myeusi ya juu na chini inayokuja na picha pana hunikera. Nichukue ipi?

Jibu: Chukua ya picha pana. Filamu ya uwiano wa 2.35:1 ikikatwa pande zote mbili ili ienee kwenye 4:3 hupoteza takriban asilimia 43 ya picha, kwa hiyo watu wawili wanapozungumza wakiwa wamesimama mbalimbali, ama mmoja wao hutoweka, ama fremu huhamishwa huku na huko kwa namna ambayo mwongozaji hakuikusudia.

Jibu: Naafiki, ingawa si kila mara. Baadhi ya filamu zilipigwa kwa fremu yenye kimo kirefu zaidi, iliyofunikwa juu na chini sinemani, na toleo la kujaza skrini huifunua, pengine pamoja na maikrofoni inayoning'inia!

Muulizaji: Ahsanteni. Je, nikinunua televisheni ya 16:9?

Jibu: Hapo toleo la 4:3 litakuletea michirizi hiyohiyo, ila kushoto na kulia.