Saruji kwenye marumaru nyeupe! Na jina la dhalimu bado linasomeka!

Wakuu, fundi mnamjua, simtaji. Kapewa kazi moja: aondoe jina mnarani. Kachukua SARUJI akajaza herufi! Marumaru nyeupe, saruji ya kijivu! Jina lililokuwa limefifia kwa mvua za miaka sasa linasomeka mpaka mwezini. Katuandikia upya!

Saruji inasinyaa ikikauka, kingo zinaachia, maji yanaingia, chumvi inatoka na kuchafua jiwe. Mvua ikinyesha inakunywa maji kuliko marumaru, basi herufi zinatokea nyeusi tii. Saruji, jamani!

Herufi zimechimbwa milimita 4. Ulitakiwa kwanza upige picha, upime unene wa bamba, kisha ushushe uso WOTE kupita hizo milimita 4, upandishe diski za almasi za kusagia, kuanzia namba 50 ya kukwaruza mpaka 3000 ya kung'arisha. Bamba la milimita 20 likibaki 15 na linaning'inia ukutani, usithubutu: lifungue, lipeleke makumbusho, weka jipya. Lakini saruji?

Patasi: Nakazia. Na wale wanaosaga palipo na jina tu wanaacha bonde. Mchana huoni kitu. Jua likilala upande, kivuli kinakuonyesha kila kitu.

Mzee_wa_Mkataba: Mleta mada, povu lote hili, mkataba uliandika nini? "Kuondoa jina". Hakuna kina, hakuna aina ya kijazio, hakuna sampuli ya kukaguliwa kabla. Mmepata mlichoandika.

Mleta mada: Hata bila mkataba, nani anapaka SARUJI kwenye marumaru?

Kijani: Afadhali yenu ya kuchonga. Herufi za bronzi ukizing'oa zinaacha matundu ya pini, doa la kijani lililoingia ndani ya jiwe, na umbo la herufi lisilopigwa jua. Matundu unaziba kwa epoksi na unga wa jiwe lilelile. Doa linataka tope la kunyonya, siku kadhaa, unarudia. Asidi usiguse, inakula marumaru.

Mbavu: Nyie mnalilia jiwe. Berlin walikuwa na mtaa wa Petersallee, wa Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, Mkono wa Damu mwenyewe, tangu 1939. Mwaka 1986 wakatangaza kwamba sasa ni wa Hans Peters, mwanasiasa. Jina la mtaa likabaki lilelile! Mpaka 2024 ndipo kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee, kingine Anna-Mungunda-Allee. Hiyo ndiyo dharau.

Patasi: Na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, je? Kang'olewa Dar es Salaam, Wajerumani wakamsimamisha tena Hamburg 1922, chuo kikuu! Wanafunzi wakamwangusha 1967, akarudishwa, wakamwangusha tena 1968.

Mbavu: Mfungulie uzi wake huyo, nina mengi.

Mleta mada: Tulikuwa kwenye saruji jamani.

Kijani: Patasi, fungua huo uzi, tunahamia.